Edith Wakesho Kituku (1942–1987) na Watu Mia Mbili Aliowauliza Juu ya Wimbo Mmoja

Edith Wakesho alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1942 huko Ronge, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Obadiah Mwakera na Mama Mkamburi, ambaye yuko nasi hapa leo. Baba yake alilima mahindi na ndizi na alikuwa mhudumu wa kanisa. Mama anakumbuka kwamba Edith alichelewa kusema, na alipoanza, alianza kwa maswali.

Aliingia shule ya misheni karibu na Mwatate mwaka 1949, akienda kwa miguu asubuhi na kurudi jioni. Alifanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi mwaka 1957 na kufaulu vizuri katika Kiswahili na hesabu. Baada ya miaka miwili ya chuo cha ualimu alirudi nyumbani na cheti. Januari 1960 alianza kufundisha madarasa ya chini huko Mraru, akakaa huko miaka minane. Ndiyo sababu nusu ya watu wa barabara ya Mraru, hata wale waliomzidi umri, walimwita Mwalimu mpaka mwisho.

Jumamosi tarehe 17 Desemba 1966 alifunga ndoa na Bwana Gilbert Kituku, mfanyakazi wa reli, katika kanisa la Kianglikana mjini Voi. Yeye Mdawida wa Taita, mumewe Mkamba. Wazee wa pande mbili walikutana Ronge mara mbili tu wakaelewana, jambo ambalo Bwana Kituku hulitaja kama ushahidi kwamba wote walikuwa na haraka ya kula. Walikaa katika nyumba za reli hadi mwaka 1979, kisha wakahamia shamba lao la Maungu, hapa tuliposimama. Mungu aliwajalia watoto watatu: Mbithe, Kitheka na Alice.

Mwaka 1968 Edith aliona tangazo gazetini. Kampuni moja ya Nairobi, iliyochunguza maoni ya wasikilizaji wa redio kwa niaba ya wenye matangazo ya biashara, ilitaka mhoji wa wilaya ya Taita Taveta, mtu mwenye cheti, anayejua lugha za huko na asiyeogopa kutembea. Aliandika barua jioni hiyo hiyo. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kwenda nyumba hadi nyumba na fomu mkobani, akiuliza watu wanasikiliza nini, saa ngapi, na wanaonaje. Wengi mtamkumbuka kwa mkoba ule wa turubai na viatu vya raba. Wengi pia hamkujua matokeo yake yalikwenda wapi. Yalikwenda kwa watu walioamua ni muziki gani utangulie tangazo la sabuni, na ni wilaya gani zihesabiwe kuwa zina wasikilizaji.

Jambo ambalo familia inataka lijulikane lilitokea mwaka 1974.

Mwaka huo watengenezaji wa sabuni ya Pambazuko walidhamini kipindi cha asubuhi na kingine cha mchana. Walichagua kuvifungua vyote viwili kwa wimbo wa rock wa Kiingereza uliokuwa umevuma ng'ambo miaka kadhaa nyuma. Ulikuwa na magita mawili ya umeme, ngoma kama mawe yanayomwagwa kwenye lori, na mwimbaji aliyepiga ukelele mara tatu kabla ya kutamka neno lolote. Watu wa Voi waliuita wimbo wa mayowe. Kabla haujaanza kupigwa, kampuni ilimtuma Edith aulize watu mia mbili katika Voi, Maungu, Mraru na Ronge kama wanaupenda.

Alianza Jumatatu tarehe 3 Juni na kumaliza Ijumaa tarehe 28. Alibeba redio ya kaseti iliyoletwa na gari moshi. Kila nyumba alikaribishwa, akapewa kiti, akaletewa chai, akawasha kaseti, akauliza. Katika watu mia mbili, mia moja themanini na saba walisema wimbo ni mzuri. Nairobi walifurahi. Tarehe 1 Julai wimbo ulianza kupigwa, na tarehe 15 Edith alipokea barua iliyomwahidi cheo cha msimamizi wa wahoji wa Pwani nzima, ofisi yake ikiwa Mombasa. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa ameitamani tangu siku ya kwanza. Aliisoma barua hiyo kwa sauti mara mbili, na Bwana Kituku anasema mara ya tatu aliisoma akiwa amesimama.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kusaga mahindi mjini. Redio ya mwenye kinu ilikuwa dirishani. Ukelele wa kwanza ulipotoka, Mama Syokau, mwuza mboga ambaye wote tunamfahamu, aliacha debe lake kwenye foleni akavuka chumba akaizima.

“Hicho tena!” alisema. “Mtu anachinjwa kila siku saa saba mchana na hakuna anayemsaidia.”

Wanawake walicheka. Edith hakucheka.

“Mama Syokau, si uliniambia wimbo huu unakupendeza?”

“Nilikuambia, Mwalimu.”

“Na sasa?”

“Sasa nini? Ulitoka barabarani kwa miguu, juani, na kitu chako umekibeba. Ukaketi kwangu. Nikuambie kitu chako kibaya hata chai hujamaliza? Mimi nimelelewa wapi?”

Mwingine katika foleni akaongeza, “Hata mimi nilisema mzuri. Nilidhani umeimbwa na ndugu wa mzungu fulani wa ofisi yenu ya Nairobi.”

Edith alirudi nyumbani na unga wake, akazitoa fomu mia mbili na kuzipitia moja moja. Wale kumi na watatu waliosema hawaupendi alikuwa amewahoji wote wamesimama: kwenye kituo cha lori, kwenye jukwaa la stesheni, mlangoni pa kinyozi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amempa kiti. Jumatatu tarehe 22 Julai aliandika Nairobi akiomba taarifa yake ifutwe.

Jibu lilikuja kwa miguu miwili. Alhamisi tarehe 1 Agosti meneja wake, Bwana Bernard Muli, alishuka Voi na kuja moja kwa moja kwenye nyumba za reli. Bwana Kituku alikuwa nyumbani, zamu yake siku hiyo ikiwa ya jioni, naye ndiye aliyepika chai. Mazungumzo yaliyofuata yamesimuliwa katika familia hii mara nyingi, na Bwana Muli mwenyewe ameyathibitisha.

“Bi Kituku, wateja wameridhika. Ni wewe peke yako hujaridhika.”

“Nilikusanya adabu, Bwana Muli. Maoni sijayakusanya bado.”

“Basi watu wako ni waongo. Sawa. Nitaandika kwamba wilaya hii haiaminiki, tuiondoe kwenye orodha ya wanaoulizwa. Hilo halikuhusu wewe. Kazi ya Mombasa unaichukua Septemba.”

“Na mkiiondoa, nani atajua huku wanasikiliza nini?”

“Hakuna. Watasikiliza tutakachowapigia.”

“Hawakusema uongo. Mimi niliuliza vibaya.”

“Ukiandika hivyo, kosa ni lako, na msimamizi hawezi kuwa mtu aliyefuta taarifa yake mwenyewe. Chagua. Kwanza, mtu mzima anaulizwa swali, anajibu ukweli. Mimi ningejibu ukweli.”

Bwana Kituku, aliyekuwa mlangoni na birika mkononi, aliuliza kwa upole, “Bwana Muli, hiyo chai unaionaje?”

“Nzuri sana, asante.”

Maziwa yalikuwa yameungua. Harufu ilikuwa imejaa chumba, na jirani alikuwa tayari ameuliza kupitia dirishani nini kinateketea. Bwana Muli aliangalia kikombe chake, ambacho alikuwa amekinywa hadi nusu. Alikiweka mezani. Kisha akasema, “Nakupa wiki nne uulize upya. Lakini cheo siwezi kukushikia.”

Edith aliandika barua siku hiyo, na nakala yake iko kwenye faili lake. Sehemu yenye maana ni sentensi moja: “Wasikilizaji wa Voi, Maungu, Mraru na Ronge hawakudanganya, kosa ni la aliyeuliza, nami ndiye niliyeuliza.”

Agosti yote aliuliza upya. Redio ya kaseti aliiacha nyumbani, kwa kuwa sasa wimbo ulisikika kila siku. Hakuuliza tena kama mtu anaupenda. Aliuliza mtu hufanya nini unapoanza. Na aliweka sharti kwamba fomu ijazwe kabla ya chai na kabla ya kiti. Sharti hilo halikupokelewa vizuri. Huko Mraru aliambiwa amekuja kama askari wa kodi. Huko Ronge mama yake mzazi alipashwa habari kabla Edith hajafika kwake, akamngoja njiani.

“Nasikia umekataa viti vya watu.”

“Ni kazi, mama. Nitaketi nikimaliza.”

“Mimi sikukuzaa usimame.”

Majibu ya awamu hii yanasomeka mpaka leo. Watu sitini na wanne walipunguza sauti. Arobaini na mmoja walizima kabisa au walihamia kwingine. Hamsini na wawili hawakufanya kitu kwa sababu walikuwa wakingoja taarifa ya habari. Arobaini na watatu waliongeza sauti, na kati yao ishirini na tisa walikuwa madereva wa malori na wasaidizi wao, matanboi, hapa Maungu. Dereva Kimeu alieleza, na Edith akaandika kama alivyosema: “Jua la mchana kati ya Mackinnon na hapa linalaza mtu. Huyo kijana akipiga kelele, najua kuna mwenzangu macho.” Mzee mmoja wa Ronge alisema humtoa mbuzi wake nje wimbo ukianza, halafu akafikiri, akasema afadhali iandikwe kwamba mbuzi hujitoa mwenyewe. Bibi mmoja mfanyabiashara kutoka Taveta, Mwislamu, aliyekuwa akingoja basi Voi, alisema hana ugomvi na gita. Ana ugomvi na kupigiwa kelele nyumbani mwake na mtu asiyebisha hodi.

Mtu mmoja alilalamika kwamba hakuulizwa. Bwana Kituku aliupenda wimbo ule kuliko mtu yeyote mjini. Lakini mhoji haruhusiwi kuhoji nyumba yake.

“Mimi sina masikio?” alimwuliza.

“Unayo, Baba Mbithe. Hayamo katika mia mbili.”

Mwezi Oktoba sabuni ya Pambazuko iliuondoa wimbo huo katika kipindi cha asubuhi na kuuacha wa mchana, saa ambayo madereva wako njiani na Bwana Kituku alikuwa kazini. Hakumsemesha mkewe siku mbili. Siku ya tatu alinunua sahani yake mwenyewe ya santuri yenye wimbo huo, ambayo bado iko.

Cheo cha Mombasa alipewa mtu mwingine. Wilaya haikuondolewa kwenye orodha. Edith hakujuta hadharani, na waliomjua vizuri wanasema hata faraghani alijuta mara moja tu, siku Kitheka alipohitaji shule na Mombasa ilikuwa na nyingi. Mwaka 1976 kampuni ilibadilisha fomu zake zote za Pwani zifuate namna yake ya kuuliza, na kuanzia 1978 wahoji wapya walitumwa kwake kufundishwa. Alikuwa mwalimu mkali. Mhoji aliyechelewa alirudishwa. Mhoji aliyeandika “wengi walisema” aliulizwa wangapi. Familia haitaficha kwamba ukali huo aliuleta pia nyumbani, na kwamba aligombana na kikundi cha wanawake cha kanisa mwaka 1982 akakaa mwaka mzima bila kuhudhuria, kisha akarudi bila kueleza.

Ugonjwa wa kisukari uligunduliwa mwaka 1983. Aliufuata kwa utaratibu, akipima chakula na kuandika. Mwanzoni mwa mwaka huu alipata kidonda mguuni. Kila aliyemwuliza hali yake, hata muuguzi, alimjibu kwamba hajambo, ni viatu tu. Ilifika Juni ndipo Mbithe akamvua soksi kwa nguvu. Edith aliutazama mguu wake, akamtazama binti yake, akasema, “Nimewapa adabu badala ya jibu.” Alicheka, kisha akakubali kwenda hospitali. Alitibiwa Wesu, na baadaye Voi, ambako madaktari na wauguzi walimhudumia kwa bidii, nasi tunawashukuru. Alifariki Jumanne tarehe 8 Septemba 1987, saa nne asubuhi, mumewe na Mbithe wakiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Ameacha mumewe, Bwana Gilbert Kituku. Watoto wake Mbithe, Kitheka na Alice. Mama yake mzazi, Mama Mkamburi. Ndugu zake wanne. Mashemeji, wapwa, na wahoji kumi na mmoja aliowafundisha.

Wahoji hao walipaswa kufanya uchunguzi wa Maungu wiki hii, na waliuliza kama wausimamishe kwa heshima ya marehemu. Bwana Kituku aliwajibu kwamba watu wa Maungu waulizwe kwanza, kaburi halitahama. Leo asubuhi wameanzia kituo cha lori. Watakapoingia na mikoba yao katikati ya ibada, tunaomba msiwashangae. Tunaomba pia wapewe viti, kwa kuwa watakuwa wamemaliza.

Bwana ampokee mtumishi wake Edith Wakesho, ampumzishe kwa amani.