Uwanja wa Jua Nyuma ya Banda la Uyoga

Mgeni rasmi, Mama yetu Mwenyekiti wa Bodi,
Meneja na wasimamizi,
Wafanyakazi wenzetu,

Karibu, Mama. Sisi akina mama wa banda la uyoga tumefurahi kukuona kwa macho, maana tumezoea ile picha yako ya ofisini, na picha ile haikutendei haki hata kidogo. Utuwie radhi kiti chako hakina turubai juu. Turubai lipo stoo, limekunjwa vizuri. Usituone hatuna adabu, sababu tutaisema.

TULIKOTOKA

Banda letu halina madirisha, kwa kuwa uyoga wetu unataka giza na unyevu. Tunaingia alfajiri, tunavaa koti refu, glovu na kofia, tunatoka jua limeshazama. Uyoga wenyewe ukishavunwa tunauleta hapa uwanjani, tunaupanga mezani tumbo juu, uote jua upate vitamini D kabla ya kukaushwa, kisha sisi na makoti yetu tunarudi upesi gizani. Wateja wanaupendea hiyo. Tumeuanika miaka na miaka, wala hatukujiuliza, na sisi je?

MAFANIKIO

Mavuno yameongezeka, na hesabu zake Meneja atakusomea. Fanikio letu sisi ni kwamba Twiga amerudiwa na nguvu zake.

Twiga ni dada yetu wa mizani. Tunamwita hivyo kwa urefu wake, maana rafu ya juu anaifikia bila ngazi. Alipokuwa ananyonyesha kitindamimba wake, mifupa ilianza kumuuma, mapaja yakaisha nguvu, ikawa hainuki kitini mpaka ashike meza. Mwenyewe alikuwa anacheka, "Jamani, nimezeeka kabla ya mama yangu." Tulicheka naye, kisha kila mmoja akaenda kulia chooni kwa zamu.

Daktari alimpima damu, akakuta vitamini D iko chini sana. Akamuuliza, "Jua unaliona saa ngapi?"

Twiga akajibu, "Siku ya mapumziko, nikiwa naanika nguo."

Daktari akampa dawa, akatueleza sote tuliokwenda kumsindikiza. Bila vitamini hiyo mwili haushiki vizuri kalsiamu ya chakula, mifupa inalegea, misuli nayo inachoka. Akasema mwanamke aangaliwe zaidi anapobeba mimba, anaponyonyesha, na hedhi inapokoma, kwa kuwa hapo mifupa hupungua upesi. Tukatazamana. Bandani tunao wa aina zote hizo.

Basi tukahamishia chai ya asubuhi hapa, mikono ya makoti imekunjwa, tumekaa kati ya meza za uyoga. Twiga akameza dawa zake na akaota jua lake. Wiki iliyopita alinyoosha mkono akashusha trei ya rafu ya juu. Tuliacha kazi tukapiga makofi, hadi msimamizi akaja mbio akidhani kuna aliyeanguka.

CHANGAMOTO

Mama, tunajua umekuja kuweka jiwe la msingi la chumba cha baridi. Chumba kitajengwa papa hapa, kwa sababu uyoga umenunuliwa taa maalumu, hauhitaji tena kutoka nje. Taa hatuzionei wivu. Ila uwanja mwingine wenye jua hatuna, na huko mbele ni geti na malori. Mdogo wetu wa kufungasha ana mimba ya kwanza, juzi naye amepimwa, na vitamini yake nayo iko chini. Tunaogopa, na hatuoni haya kulisema.

MAOMBI

Tunaomba chumba cha baridi kijengwe upande wa kusini, kwenye kivuli cha ukuta, na uwanja huu uachwe na benchi lake. Tunaomba pia wanawake wote wa bandani wapimwe. Hatuombi mapumziko zaidi, chai yetu ni ile ile.

Jiwe lile lenye kitambaa limewekwa pale anapokaa Twiga. Leo amehamia pembeni, kivulini. Amesema hataki kukuzibia njia.

Mama, risala hii ilikuwa ya ukurasa mmoja. Tumeirefusha makusudi, na turubai tumeliacha stoo makusudi, ili ukae nasi. Hilo joto unalolisikia sasa hivi mikononi mwako ndilo tunaloliomba.

Mungu akupe afya, akutunzie mifupa yako uzeeke umesimama wima.

Ni sisi wanao na dada zako,
Akina Mama wa Banda la Uyoga