Jina Ambalo Bibi Genia Hakulitaja

Ndugu waombolezaji, mimi ni Noga, mjukuu wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Marehemu Genia Harari, binti wa Leiba na Hana Lapides, alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1935 mjini Kaunas, Lithuania, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Shule hakuianza, kwani Agosti 1941, kabla hajatimiza miaka sita, Wanazi waliwafungia Wayahudi wa mji huo ndani ya uzio wa waya, na vita vilipokwisha alikuwa amebaki peke yake. Alifika hapa Haifa tarehe 2 Mei 1949, akasoma masomo ya jioni, akashona mapazia kwa miaka thelathini na mmoja, na tarehe 12 Juni 1956 akaolewa na marehemu Menashe Harari, wakajaliwa watoto wawili, mjomba wangu Uzi, mwaka 1958, na Tamar, mama yangu, mwaka 1961.

Alipofikisha miaka themanini ndipo alipokubali kuwasimulia wanafunzi habari za vita. Tarehe 12 Aprili 2018, katika shule moja ya hapa mjini, alisema siku hiyo angemtaja mdogo wake wa kiume, ambaye hata sisi hatukuwahi kusikia habari zake, akaanza kwa kueleza kwamba askari walikuja kuchukua watoto siku ya Hanuka, sikukuu yetu ya taa. Mimi, mwanafunzi wa historia chuo kikuu niliyekuwa nimemsindikiza, nilinyoosha mkono.

“Bibi, Hanuka ni Desemba. Watoto walichukuliwa tarehe 27 Machi 1944.”

“Haya, profesa, njoo usimulie wewe. Si ulikuwepo?”

Darasa likacheka, nami nikacheka. Yeye akachukua mkoba wake akatoka, na hakusimulia tena popote. Nilipomwomba radhi aliniambia, “Kula, supu inapoa,” na nilipomuuliza jina la mdogo wake akaniambia nikalitafute vitabuni. Nimetafuta, halimo. Tarehe yangu ilikuwa sahihi, ila sikumuuliza kwa nini kwake ilikuwa Hanuka.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2018, akafariki jana, tarehe 14 Januari 2019, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa ghorofa ya pili, na mafundi wenzake. Jiwe la kaburi lake, kama ilivyo desturi, litabeba pia majina ya ndugu zake waliouawa wasizikwe, na baada ya Leiba na Hana fundi ataandika tu “na mtoto wao wa kiume”, kwa sababu yangu.

Desturi inatutaka pia tumwombe marehemu msamaha kabla ya kumfukia. Bibi, nisamehe. Pumzika kwa amani, wewe na mdogo wako.