Mapafu Niliyoyaosha Jumatatu

Mheshimiwa Mkuu wa Kituo, zima kwanza hiyo simu. Daktari, na wewe geuka huku. Hicho kicheko na jirani yako kitangoja. Wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe mjukuu wangu uliyenipigia pasi gauni hili, hamjambo.

Leo nastaafu. Mmenipa saa ya ukutani, mkanisifu kwamba nina macho makali, na kwamba nimeosha meza ya kupasulia mizoga miaka thelathini na mmoja bila kulalamika. Nani kawadanganya? Nimelalamika sana, ila masikio hamkuwa nayo.

Yule mbwa mwitu jike, mkubwa wa kundi lililoko bandani, alikohoa wiki tatu. Daktari akampiga picha ya kifua, akaona madoa meupe, akaandika kifua kikuu, akamdunga sindano ya kufa. Alipompasua, mimi ndiye niliyeshika ndoo.

"Katupe, bibi," akaniambia, pafu la mbwa huyo likiwa mkononi mwangu.

Kifua kikuu nakijua, ukikikata kinamong'onyoka kama jibini. Hili lilikuwa na donge gumu kama kisigino changu. Nikamwambia, "Daktari, hiki si kifua kikuu." Akacheka. "Bibi, wewe ulisomea wapi?"

"Kwenye ndoo yako," nikamjibu.

Donge nikalitia kwenye chupa ya dawa, nikampelekea fundi wa hadubini. Jibu likatoka Jumanne: saratani ya mapafu, adimu mno kwa mbwa mwitu, na haiambukizi. Ndiyo hayo macho makali mnayonipongezea leo? Jumatatu mlikuwa mmekwisha kuua wanne wa kundi lake, eti wasiwaambukize wenzao. Niliwaosha mimi. Mapafu yao yalikuwa safi, rangi ya waridi, yamejaa hewa kama ya watoto wachanga. Niliwaita mje mtazame. Hakuja mtu.

Daktari, wewe si mjinga, na mkono wako ni mwepesi kuliko wote niliowaona pale mezani. Ndiyo maana nina hasira. Mjinga ningeshamsamehe.

Wamebaki watano. Amri ya kuwaua kesho asubuhi ingali imebandikwa kwenye mlango wa banda, kwa sababu atakayeibandua atakuwa amekiri kosa. Ndiyo tukae hapa tukate keki?

Kwa saa nashukuru, na kwa kunivumilia mpaka hapa pia nashukuru. Sasa Mkuu, inuka. Daktari, mfuate. Nendeni mkaibandue ile karatasi, mniletee hapa mkononi. Hakuna sahani itakayofunuliwa mpaka mrudi.