Nashona, Fundi Viatu Aliyelala Ameketi

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Nashona, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba alikuwa akipaka rangi mabehewa. Alikuwa mtoto wa kwanza. Mimi ninayewasomea nilimfuata baada ya miaka sita, na kati yetu walipita wawili ambao Mungu aliwachukua wangali wachanga.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Darasani hakuwa wa mbele wala wa mwisho. Akiwa darasa la tano, kiatu cha mwalimu wa hesabu kilifunguka mdomo mbele ya shule nzima iliyopanga mstari. Kaka alikiomba, akakishona wakati wa mapumziko kwa uzi wa gunia. Mwalimu alikivaa mpaka shule ikafungwa, akamwambia, "Wewe hesabu zako zinavuja, lakini kiatu chako hakivuji." Maneno hayo kaka aliyasimulia maisha yake yote, na kila mara alicheka kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha viatu, chumba cha soli. Kiwanda kilipofungwa Agosti 1996, alibeba kisanduku chake cha vifaa akaenda kuketi kwenye baraza ya posta ya zamani, na hapo ndipo wengi wenu mlipomfahamu. Hakuwa mtu wa uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mteja. Ukimletea kiatu kilichokwisha alikuambia wazi, "Mama, hiki kimeshakufa. Mimi ni fundi, sifufui."

Mwaka 1988 alimwoa wifi yangu, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Walipanga chumba kimoja karibu na soko, wakajaliwa binti mmoja. Wifi alitutoka Septemba 2015. Miaka miwili baadaye safu yote ile ya vyumba ilibomolewa kupisha barabara, na binti alikuwa ameolewa mbali. Kaka akaja kwangu. Alikaa wiki tatu. Nyumba yetu ni ndogo, watu ni wengi, na siku moja alisikia watu wa nyumbani wakisema juu yake maneno ambayo hakupaswa kuyasikia. Nilikuwepo, nikanyamaza. Kesho yake alitandika kitanda vizuri, akaaga kwa heshima, akaenda kulala palepale barazani alipofanyia kazi.

Februari 2019 ilipita sheria ndogo ya mji kwamba mtu akikutwa amelala, amejilaza au ametandika kitu mahali pa umma, ana kosa. Kaka alikamatwa wiki ileile ya kwanza. Mahakamani hakimu alimwuliza, "Unakaa wapi?" Akajibu, "Mheshimiwa, pale waliponikamata." Watu wakacheka. Yeye hakuwa anachekesha. Alifungwa siku kumi na nne, akaambiwa akirudia ni miezi sita. Alipotoka, blanketi lilikuwa limechomwa moto. Kwenye kisanduku alikuta sindano, uzi, na kiatu kimoja cha kahawia, cha mguu wa kushoto, ambacho mwenyewe hakurudi kukichukua.

Sheria ilikataza kulala, haikukataza kushona. Basi kaka akajifunza kulala ameketi, mgongo ukutani, kiatu mapajani, sindano mkononi. Askari wa mji alipomgusa kwa fimbo na kumwuliza, "Mzee, umelala?" alijibu, "Nashona, afande." Na ili isiwe uongo, alipiga mshono mmoja kweli, akauvuta mpaka mwisho. Ndipo wakampa jina.

"Nashona, kiatu hicho hakiishi tu?"

"Mkiacha kupita hapa, afande, kitaisha leo hii."

Alikwenda hivyo miaka mitano. Kila Jumapili baada ya ibada nilimpelekea chakula nikamwomba arudi nyumbani, naye akasema, "Nimeshazoea, mdogo wangu." Sidhani kama yupo anayezoea.

Aprili mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Jumatatu tarehe 27 Mei alizidiwa, akaangukia ubavu, na askari wa mji wakamkuta amelala. Nilipigiwa simu kutoka kituoni. Nilipofika nilimwambia askari wa zamu kwamba mtu huyu anakaa kwangu. Kaka akatikisa kichwa.

"Afande, sikai kwake. Dada yangu ananihurumia tu."

"Kaka, kuanzia leo unakaa kwangu. Wala si uongo."

"Na wakisema tena?"

"Wakisema, safari hii na mimi nitasema."

"Haya," akamwambia yule askari, "andika."

Tulikaa naye siku saba. Tulimpa kitanda, lakini kulala chali hakuweza tena. Aliegemea ukuta, magoti juu, na nilipomgusa ili anywe dawa, vidole vyake vilivuta uzi ambao haukuwepo. "Nashona," alisema. Nikamwambia, "Ni mimi, kaka." Jumatatu tarehe 3 Juni tulimpeleka hospitali. Daktari aliuliza amelala ameketi kwa muda gani. Nilipomjibu alivua miwani. Damu iliganda miguuni ikapanda kifuani. Kaka alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa ameketi.

Kile kiatu kipo hapo mezani. Binti yake alianza kuhesabu mishono, alipofika mia tatu akaacha. Ngozi haina tena pa kupitisha sindano. Kila mshono ni mara moja aliyoamshwa. Anayetaka kukishika na akishike. Mmoja wa waliomwamsha alikuja jana kutusaidia kuchimba kaburi, na tunamshukuru. Walioitunga sheria hatuzijui sura zao. Tunawaombea hivyohivyo.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, mume wangu ambaye ni shemeji yake, pamoja na watu wengi wa mji huu ambao bado wanatembelea mishono yake.

Seremala alipokuja kuchukua vipimo alisema futi sita zinatosha. Nilimwomba aongeze nusu futi. Akauliza, "Ya nini, mama?" Nikamwambia, kaka yangu anataka kunyoosha miguu.

Basi na alale chali. Hakuna atakayemwamsha tena ila Bwana mwenyewe, na Bwana hatamwuliza anakaa wapi. Apumzike kwa amani.