Rigobert Chola, mwenye alihesabu miezi ya mavi ya ngulube

Naweka pari, naweka feza yangu hapa mbele ya jeneza: hakuna muntu ataamini hii habari. Mwenye kulia, angoye kidogo kwanza.

Baba Rigobert Chola alizaliwa tarehe 3 mwezi ya tatu 1909, kule Kilwa. Masomo alifanya miaka mbili ku ba mon père ba misioni. Alitoka sababu mu hesabu alikuwa anashinda mwalimu. Ni yeye mwenyewe alisema.

Mu 1927 alikuya Élisabethville, akapata kazi ya kuchunga ngulube mu ferme moya ku barabara ya Kipushi. Tarehe 22 mwezi ya saba 1933 akaoa Mama Marceline Mutale. Asubui ya ndoa alioga na sabuni ine. Mama akamunusa, akasema: "Leta ya tano."

Sasa sikieni! Mwezi ya tano 1949, maladi ikaingia mu ferme. Mu siku kumi, ngulube makumi munane ikakufa yote. Patron, mwenye ferme, akaoshesha nyumba ya ngulube na chokaa: "Nyuma ya siku kumi na tano naleta ingine."

"Hapana, Patron! Maladi ingali mu mavi, mule mu shimo."

"Nani alikuambia? Docteur?"

"Docteur anapitaka tu, Patron. Miye niko mu ile mavi miaka makumi mbili."

"Muzuri, nangoya. Lakini kama unadanganya, unatoka mu nyumba yangu, na bibi na batoto."

Hapo njo vita ilianza! Baba akakamata batoto ya ngulube yenye Mama alikuwa anachunga, akafunga moya ku shimo, aone kama itakufa. Mwezi ya kwanza: ikakufa. Mwezi ya pili, ingine: ikakufa. Mwezi ya tatu, baridi inauma: ikakufa! Lakini ile ingine aliweka ku rundo ya mavi makavu ya ngulube yenye ilikufa, kwenye kulikuwa kunatoka moshi sababu ya moto ya ndani, ikanenepa. Rundo ilipika maladi, shimo ilichunga maladi yake!

Mama Marceline akapiga kelele: "Chola, ngulube yangu inaisha! Kesho utafunga miye?"

"Weye hapana, mama ya Agnès wetu. Weye unakula mingi."

Ile siku Baba akatoka ku shimo mbio mpaka ku cité, kwenye batu beusi balikuwa banaikala, akaingia mu lupango, kiwanja ya nyumba ya dada yake Honorine, akaomba ngulube moya. Mwezi ya ine yote Mama akaichunga mu jiko yake, kwenye biatu bya kazi habiingiaka. Mwezi ya tano akaifunga ku shimo. Siku makumi tatu! Ikakula, ikalala, ikauma Patron ku mukono! Patron akatoa chapeo ku kichwa: "Chola, kaa mu nyumba." Jirani ya Patron, mwenye hakungoya, alizika ngulube mara mbili.

Mwezi ya kwanza 1957 kifua kikamukamata. Ku lopitalo alikuwa anauliza munganga choo yabo iko na miezi ngapi. Akatuacha mardi, siku ya kazi ya pili, tarehe 11 mwezi ya sita, saa tatu ya asubui, mukono yake mu mukono ya Mama.

Anaacha Mama Marceline, batoto Agnès, Floribert na Jeannot, bajukulu tano, na dada yake Honorine. Mungu amupatie kulala kwenye hakuna kazi.

Na ile ngulube saba ya Mama Honorine, yenye ilikufa siku kumi nyuma ya Baba kuingia mu lupango: miaka munane Baba alisema ni upepo njo ulileta maladi. Haikuwa upepo. Ilikuwa biatu bya Baba, byenye alitoka nabyo ku shimo. Hakubiosha. Pale Baba alikosea.