Karanga za Nyumbani

Sogeeni, wanangu. Shamila, niinue kidogo, tumbo limejaa maji na pumzi inakatika. Uji huo sitauweza, mpe kaka yako Makame anywe usije ukapoa.

Nyumba hii ya Majengo ni yenu wawili, asimtoe mtu mwenzake. Kibanda cha karanga sokoni achukue Shamila. Shangazi yenu mwambieni anisamehe. Alinisema kwamba mimi ndiye niliyemlisha baba yenu vibaya mpaka ini likamuua, nikamnunia miaka tisa, na leo naona huenda alisema kweli bila kujua.

Nilikuwa najisifu mno. Chipsi na soda humu hazikuingia, ilikuwa ugali wa uwele na mlenda wa karanga, nikiamini nyumba inayokula hivi haipatwi na magonjwa makubwa. Lakini mnajua tulivyokuwa tukifanya, mimi na wenzangu wote pale sokoni: magunia ya karanga yakija kutoka Mlali tunakaa kuchagua, zilizonona za mteja, zilizosinyaa na kuota ukungu za nyumbani. Tunazikaanga, tunazitwanga, ule uchungu tunaufunika kwa chumvi. Violeth, yule bibi shamba, alituambia ukungu ule una sumu inayoharibu ini taratibu, na moto hauiondoi. Nilimcheka, nikamwambia wanangu wawili nimewalea kwa hizo hizo.

Nimemuuliza daktari kama ni karanga zilizolifikisha ini langu hapa, akasema hawezi kuapa. Nikamuuliza, je, wanangu wakianza leo kula vizuri, wataepuka? Akasema hatari itapungua, ila yaliyokwisha kuliwa yameliwa. Naogopa, wanangu. Nimewalisha kwa mkono huu zaidi ya miaka thelathini na sina namna ya kuwatapisha.

Kapimeni ini, wote wawili, msingoje kuumwa. Lile gunia la nyuma ya mlango wa jikoni kalifukieni, msiwape kuku wala jirani. Nanyi mle zilizonona, mteja asubiri.

Radhi yangu mnayo yote. Mungu awalinde pale... pale mimi nilipowaponza.

Shamila... huo uji, umetia karanga? Za gunia lipi, mwanangu?

Usilie. Hukujua... hata mimi niliyeambiwa sikuamini.

Makame... kikombe hicho... kiweke chini, baba.