Mama Chembe: Safari Moja, Filamu Moja

Wenzangu wa dukani, niliwaambia juzi kwenye chai kwamba hotuba ya kumuaga Mama Chembe siiwezi, nitaandika. Mama Chembe aliingia duka letu la picha miaka thelathini na mmoja iliyopita, na tarehe sita mwezi huu alivua aproni yake nyeusi, akaitundika kwenye mlango wa chumba cha giza tunamosafishia filamu, akastaafu. Aproni bado ipo. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ya zile chembe zinazoonekana kwenye picha za nyeusi na nyeupe. Wengine huuza filamu kama wanaouza sabuni. Yeye alikuuliza kwanza: unakwenda wapi, utapiga picha saa ngapi, ndani au nje, mkono unatetemeka? Aliyefuata majengo na jua la mchana alipewa filamu ya kasi mia moja, inayotaka mwanga mwingi lakini yenye picha laini. Msafiri asiyejua atakutana na nini alipewa mia nne, yenye chembe zaidi lakini inayotosheka na mwanga mdogo, hata ndani ya treni. Akilalamikia chembe, aliambiwa, "Hata uso wa mama yako una makunyanzi, na unaupenda."

Sheria yake ilikuwa moja: safari moja, filamu aina moja. Mwalimu mmoja aliwahi kutaka aina tano. "Mwalimu, unasafiri au unahamisha duka?" Duka zima lilicheka. Mwalimu aliondoka na aina moja, na tangu siku hiyo kila likizo alimtafuta yeye tu.

Mimi sikusikia. Miezi minne iliyopita niliolewa, na mpaka leo nikiandika "mume wangu" kalamu yenyewe inatabasamu. Kwa ajili ya fungate Mama Chembe aliniwekea mikanda sita ya mia nne. Nikarudisha mitatu kimyakimya, nikachukua ya mia moja, maana nilitaka uso wa mume wangu utoke laini kama ninavyouona mimi. Mapenzi ni upofu, na kumbe ni usahaulifu pia: nilipobadilisha filamu sikubadilisha kasi kwenye kamera. Ikabaki mia nne. Mikanda yote mitatu ya mia moja ikapata robo tu ya mwanga ambao ilihitaji.

Mama Chembe alisafisha wa kwanza kwa muda wa kawaida. Ulitoka umefifia. Mume wangu dirishani mwa treni, akicheka, alikuwa kivuli tu. Nami, mbele ya wafanyakazi wote, nikamwambia dawa zake zimechoka kama yeye. Ndiyo, nilitamka hivyo kwa mtu wa rika la mama yangu.

"Mwanangu," alisema, "lete mingine kabla hujalia."

Alikata kipande kidogo mwanzoni mwa mkanda wa pili, akakijaribu. Kisha akaiomba kamera yangu, akatazama kasi niliyoiweka, akanirudishia. Mikanda miwili iliyobaki aliiacha kwenye dawa muda mrefu zaidi, na picha zikatoka. Zina chembe tele, na mume wangu yumo katika kila moja. Sijawahi kupenda picha kama ninavyozipenda hizo.

Hakumwambia mtu. Wengine wenu mpaka leo mnaamini dawa ziliharibika. Hazikuharibika, niliharibu mimi. Nilimvunjia heshima hadharani, na hadharani naomba radhi. Maji yakimwagika hayazoleki: ule mkanda wa kwanza umepotea, na neno langu limeshasemwa. Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba nilingoja mpaka kiti chake kikawa kitupu.

Tena kuna hili. Miaka yote hiyo aliwachagulia watu filamu za safari, yeye mwenyewe hakuwahi kusafiri na kamera. Sasa anajiandaa kwenda kwa dada yake, siku mbili kwa treni.

Mama, ahsante kwa subira yako. Uishi miaka mingi, na kila mahali ukute mwanga wa kutosha. Usinunue filamu. Kabla mwezi haujaisha mimi na mume wangu tutabisha hodi kwako na mikanda sita, yote mia nne. Na ukirudi, kama bado unaniamini, mikanda hiyo nitakusafishia mimi.